Geuza Ndani Nje

Nyalusi amelipaka rangi jana usiku, najua,
kwa sababu inzi mmoja amenasa mlangoni
na bado anapiga bawa.
"Nyumba ya kukokotwa, dada. Wapimaji wa barabara
wamelala humu miaka minne tu, kazi ikaisha.
Jiko lipo, kitanda kipo, kabati lipo.
Unafunga kwenye pikapu, unahama na usingizi wako."

Uyole, Desemba, njia ya Tukuyu inapoachana na ya Iringa.
Shule zinafunguliwa baada ya siku ishirini na tatu.
Mimi hushona sare: Igurusi, Chimala, Ilembula,
nikilala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni na majina ya Biblia,
cherehani nimeikumbatia kama mgonjwa.
Kwa hiyo ndiyo, nalitaka tela hili.
Nalitaka mpaka mate yananijaa.
Ndiyo maana sianzi na kitanda.

Atuganile, aliyenifundisha kushona kule Ilomba,
hakuwahi kulitazama shati kwa mbele.
Alilipindua. "Mbele ni salamu," alisema.
"Habari ziko kwenye mshono."

Basi naomba habari.
Natandika kitenge, nalala chali chini ya chesi.
Vijana wa gereji wanacheka. Wacheke.
Kutu ni ya juu juu, ukucha unaimaliza.
Maungio yamechomelewa mfululizo, mapigo madogo madogo,
kama pindo la mtu ambaye hakuwa na haraka.
Ekseli haijapinda. Springi nahesabu: tano huku, tano kule.
Hapa kuna mtu alifanya kazi,
nami, bila kumjua, nasema asante kwa sauti.

Ndani sasa.
Napiga ukuta kwa kifundo cha kidole:
ko, ko, ko,
bu.
Kwenye kona ya kitanda sakafu inabonyea
kama parachichi lililosahauliwa ndani ya gunia.
Droo imebanwa kwa pini za kushikia karatasi.
Bawaba moja: skrubu mbili, matundu matano.
Kuna harufu ya sabuni mpya,
na chini ya sabuni, harufu ya uyoga.
"Niletee ndoo ya maji, nimwage juu ya paa."
"Maji ya nini? Hizi si nyanya, dada!"

Mvua haikungoja ndoo.
Ilishuka kutoka upande wa Rungwe bila hodi,
tukakimbilia humo humo wote,
mimi, Nyalusi, vijana watatu na spana zao,
tukasimama tumebanana, tukitazama dari
kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Tone la kwanza lilimpata Nyalusi kwenye kola.
Hakusema kitu. Akasogea kidogo.
La pili likamfuata.
Kijana mmoja akakohoa ili asicheke.

Mvua ya kwetu haipunguzi bei.

"Niuzie mifupa," nikasema.
"Nini?"
"Chesi, ekseli, na yale matairi mawili yenye meno.
Hili gauni livue, baki nalo."
Akasema tela si ng'ombe wa buchani.
Nikataja laki tisa.
Akamtaja Mungu.
Nikakunja kitenge changu chenye tope, nikaondoka
na viatu mkononi.

Usiku huu nimetandaza karatasi ya kaki mezani.
Mbao za paini, nitafuata Mafinga.
Turubai nitashona mwenyewe, mshono wa kulaza, uzi mara mbili.
Kila upande nimeacha akiba ya vidole viwili,
kwa sababu hata nyumba hunenepa.
Simu haijaita.
Nje inanyesha tena,
na kule Uyole, gizani,
najua kabisa inadondokea wapi.