Kanda ya Posa Tatu

Binti wa Mwanamkasi kaihamishia kwenye flashi,
kanda iliyolala miaka ishirini na minne
uvunguni, Barabara ya Kumi na Tatu,
ndani ya mfuko wa saruji.
Jumapili tukaitana Chumbageni, tuliobaki:
watu watano, viti sita.
Hakuna aliyekiondoa cha sita.

Filamu yetu! Tuliiita filamu,
ingawa kamera tuliazima kwa mpiga picha za harusi
kwa sharti moja: Ijumaa hadi Jumapili haipatikani.
Penzi la uongo lisubiri
penzi la kweli limalize pilau.

Basi nikajiona.
Ndiye huyo, mwembamba kama ufito,
suruali ya kaka, tai ya mwalimu mkuu,
mposaji wa pili, yule asiyepata.
Nimepanda baiskeli, jogoo kwapani,
nateremka Ngamiani kama waziri anayekwenda kufungua kisima,
na kona ya kinyozi
naikata, inanikata.
Jogoo anaingia kwa kinyozi,
mteja anatoka mbio, nusu ya kidevu povu.
Yule hakuwa mwigizaji. Alikuwa mteja.
Tulimpa soda, akaridhia kubaki kwenye picha.
(Mwongozaji wetu, waja leo waondoka leo,
aliondoka kweli, akaacha deni la soda.)

Watoto wanagaragara kwenye mkeka.
"Rudisha! Rudisha!"
Narudishwa. Naanguka mara nne
kabla chai haijamiminwa.

Sasa anatokea baba wa binti, mzee Shekilindi,
karani wa mizigo pale stesheni,
anatoa hukumu kibarazani:
"Kijana, mwanangu si..."
kikohozi,
"mwanangu si robota la katani..."
kikohozi tena,
"ulifunge kamba, ulipakie!"
Siku ile tulikufa kwa kicheko. Mwongozaji akasema,
ongeza kidogo, mzee, hicho kikohozi kitamu.
Akaongeza.
Leo hakuna anayesema rudisha.
Mmoja wetu anapunguza sauti,
halafu anaipandisha,
maana tulichokuja kusikia ni hiyo.

Mbelwa, mposaji wa tatu, mshindi,
siku hizi mwenye kitambi na duka la vipuri,
anajiona chini ya dirisha la Mwanamkasi
na kujiziba uso kwa kofia.
"Hivi mimi nilisema 'hua wangu'? Mbele za watu?"
Mbele za watu, bwana.
Na mbuzi akakuitikia.

Ni Kilua aliyesema: "Simamisha hapo."
Picha ikasimama, inatetemeka.
"Yatazameni macho ya Mwanamkasi."
Hamtazami Mbelwa.
Anatazama pembeni, kulia kwa kamera,
alipokuwa amesimama mtu mmoja tu
ambaye jina lake hatukuliandika popote:
Mhando, mshika bati,
kijana wa kuokota jua na kulitupa usoni mwa wenzake.
Miaka yote hii watu wameusifu uso ule,
wanasema unang'aa.
Kumbe ulikuwa unajibu.

Mhando yupo hapahapa, anamenya machungwa ya Muheza,
anampa mkewe pande bila kugeuka.
"Mimi nilishika bati tu," anasema.
"Lilikuwa la moto."
Mwanamkasi anatafuta miwani
iliyo kichwani mwake.

Mwisho hatukuuona.
Harusi ndiyo kwanza inaanza, maulana kakohoa,
mara chenga, chenga,
na uwanja wa Mkwakwani, dakika ya sabini:
mtu karekodi mpira juu ya nikahi yetu.
Ubishi ukalipuka. Mbelwa: nilimbeba hadi garini.
Kilua: hukumbeba, ulijaribu.
Mimi nikasema nakumbuka jambo moja,
kwamba nilirudishiwa jogoo.
"Na kamba yake," Mwanamkasi akasema.
"Nilikurudishia na kamba yake. Hukusema asante."

Sikusema?

Mechi inaendelea, hatujui ni ya nani na nani.
Mtoto anauliza, tuzime?
Sote watano, kwa pamoja: ngoja.
Mpira uishe kwanza.
Pengine harusi itarudi.