Maneno Elfu Sita

Jarida linataka maneno elfu sita, basi.
Mimi ninayo elfu saba mia nne na kumi na mawili,
na baridi ya Julai hapa Uyole haivihurumii vidole.
Loleza umejifunika ukungu hadi kidevuni.
Jiko la mkaa miguuni, kompyuta mapajani,
mwongozo kwa waandishi, kurasa kumi na moja,
nimeubandika ukutani kama kalenda ya kanisa.

Fonti pointi kumi na mbili.
Nafasi mbili kati ya mistari.
Pambizo sentimita mbili na nusu, pande zote nne.
Kila mstari uwe na namba yake,
ili mhakiki nisiyemjua, katika mji nisioujua,
aniulize tena: mstari wa 214, unamaanisha nini?

Ninamaanisha viazi, ndugu mhakiki.
Ninamaanisha gunia la Isyonje linavyovishwa kilemba
juu ya mdomo wake, kamba ya katani ikipita huku na huku
hadi kilo mia zinakuwa mia na arobaini
na bei inabaki ileile ya mia.
Lumbesa. Neno hilo nimeliandika kwa herufi za mlazo,
kama mgeni anayelazwa sebuleni.

Dokta Mwalyego amepiga simu mara mbili.
Hajasoma bado,
ila anauliza jina lake litakuwa la ngapi.

Basi nakata.
Naondoa kila "kwa hakika", kila "ikumbukwe kwamba",
aya nzima ya gari lililokwama topeni kutwa.
Marejeleo hamsini na matatu yanabaki thelathini na tisa:
koma baada ya ukoo, nukta baada ya herufi ya kwanza,
mwaka ndani ya mabano.
Nimewapanga wasomi wa watu kwa alfabeti
kama mafungu ya nyanya juu ya kiroba,
na mmoja kila nikimpanga anabingirika.

Bado yamezidi mia tatu na nane.

Zimebaki sauti.
Bi Atuganile ni Mkulima wa 17.
Hana jina; kamati ya maadili imeamua hivyo
kwa usalama wake.
Alinipa alasiri nzima, chai ya maziwa,
kigoda pekee kisichoyumba,
akanihesabia misimu sita kwa vidole, bila daftari,
wala hakukosea. Nimerudia hesabu mara tatu.
Nami nilimwachia mche mmoja wa sabuni
na nakala ya fomu ya ridhaa.

Hapa, kati ya Mbinu na Matokeo, mkono unasita.
Mnunuzi huongeza ndoo mbili juu ya gunia.
Mimi niliongeza ngapi?
Alasiri yake, misimu yake, kicheko chake kwenye kinasa sauti,
vyote nimevishona kilemba juu ya jina langu,
na sasa, kama dereva aliyeiona mizani mbele,
navimwaga kando ya barabara.

Alisema: "Gunia halina mdomo, lakini linakula."
Mhakiki wa pili aliandika, duru iliyopita:
sentensi hii haina takwimu, iondolewe.

Nairudia ile karatasi ya ukutani. Ukurasa wa tisa,
herufi ndogo kuliko zote:
maelezo chini ya jedwali hayahesabiwi.

Jedwali la 3. Uzito halisi wa gunia, kwa kila kijiji.
Chini yake, pointi tisa, nafasi moja:
Mkulima wa 17, mwanamke, miaka 61,
na maneno yake matano, na koma yake.

Elfu tano mia tisa tisini na manane.
Umeme unakatika, unarudi.
Nabonyeza Tuma. Duara linazunguka,
linazunguka,
na huko nje lori linaguna kuelekea Makambako,
turubai limefungwa nusu,
vilemba vinachungulia.