Kanyaga Mafuta

Gari namba kumi na moja halina tone la mafuta,
lakini kila anayepanda husema, "Nzioki, kanyaga mafuta."
Nakanyaga. Linasita. Linaruka kama aliyeungua ulimi kwa uji,
kisha linazimika papo hapo, kilimani, shimo la saba.

Betri nzima. Mota nzima. Mita haina haya:
kihisi cha kanyagio kimesahau mguu ni nini.
Kipya hutoka ng'ambo, wiki sita,
kwa bei ya karo ya Mwende, muhula mzima.

Luthuli nilizunguka kaunta kwa kaunta.
"Cha gari la gofu?" Wakacheka.
Usiku, Kawangware, nikafungua redio ya marehemu baba,
nikang'oa kile kitufe cha sauti
alichokizungusha saa moja jioni, matangazo ya vifo,
sisi tukinyamazishwa kwa kidole.

Nimekichomelea waya tatu.
Sasa namba kumi na moja huanza kwa kunong'ona,
halafu, katikati ya kanyagio, hupaza ghafla.
Wachezaji hushika kofia.

"Umeweka nini?" meneja aliuliza.
Kipuri, nikasema.

Leo uwanja ni mtupu. Nalipandisha peke yangu,
polepole,
nikisikiliza.