Daftari la Kilo Hamsini na Mbili

Mimi ni mshenga wa ngumi,
ndivyo binti yangu anavyonitania.
Nina daftari moja, jalada limeliwa na kahawa.
Ukurasa wa wanaume, kilo sabini: majina hadi pambizoni,
yamebanana kama njiti kibiritini.
Ukurasa wa wanawake, hamsini na mbili: majina kumi na moja.
Wawili wajawazito.
Mmoja kahamia Oslo kupakia samaki kiwandani.
Mmoja goti lake lina skrubu.
Toa. Toa tena. Hesabu ya chekechea.

Siku tisa kabla ya usiku wa Zabrze
mpinzani wa Bogna Kurzeja akavunjika kidole.
Bogna: mapambano kumi na tano, kashindwa moja,
na hilo moja bado analala nalo kitanda kimoja.
Nikapiga simu. Gliwice, hapana. Opole, hapana.
Ostrava, ng'ambo ya mpaka, kocha akacheka hadi akakohoa.
Ikapokelewa Rybnik, jikoni mwa shule,
nyuma yake sufuria zikigongana:
Liwia Szołtysek, mapambano mawili.
"Bogna mwenyewe?"
"Mwenyewe."
Kimya. Mtu akapiga kelele kwamba supu inafurika.
"Nakuja. Niambie tu nipunguze kilo ngapi."

Najua wasemavyo ukumbini, bia mkononi:
mapambano ya wanawake ni chai ya majani ya jana,
wa juu yuko juu peke yake,
wa chini hajui hata mlango wa kizimba.
Sibishi sana. Niliwahi kupanga pambano la sekunde kumi na saba
na usiku ule sikula.
Lakini ngazi ikiwa na vipandio vitatu
msimcheke anayening'inia katikati.
Muulizeni seremala alipeleka wapi mbao.

Fahali wawili, wanasema, hawakai zizi moja.
Mitamba hawakuulizwa.
Walipimwa chumba kimoja, nyuma ya taulo moja,
juu ya mizani ya kuazima kwa muuza vyuma chakavu.
Liwia akazidi gramu mia.
Akafumua msuko, akaukata hadi shingoni,
na aliyeshika mkasi alikuwa Bogna.

Raundi ya kwanza alimsoma kama gazeti la jana.
Teke la paja. Teke la paja. Kisha chini,
kisha mgongoni, mkono ukiitafuta shingo.
Nikafumba macho, nikahesabu hadi kumi na saba.
Nilipofumbua
msichana wa jikoni kaficha kidevu,
kaushika mkono wa kabali kwa mikono miwili
kama mtu aliyekamata bomba linalovuja,
anageuka, kidogo,
kidogo tena,
sentimita za mtu anayezilipia moja moja.
Miaka kumi nyuma kabali ile ilikuwa nukta.
Kila niliyemwona ndani yake aligonga jamvi.
Huyu kajifunzia wapi? Kwenye karakana ya matairi,
jioni tatu kwa wiki, na wavulana wanaomzidi kilo ishirini
ambao wakikabwa husema waliteleza.

Raundi ya tatu kiwiko chake kilifungua nyusi ya Bogna.
Kimoja tu. Ukumbi ukasahau kunywa.
Majaji watatu, kauli moja: Kurzeja, thelathini kwa ishirini na saba.
Halali kabisa. Muujiza haukuja,
wala hakuna aliyeuahidi.

Baadaye, koridoni, barafu usoni, Bogna akanivuta mkono:
"Nipe namba yake."
Marudiano? nikauliza, nikitafuta kalamu.
"Marudiano ya nini? Mazoezi.
Miaka minne sina wa kunipiga siku za Jumanne."

Nimerudi nyumbani, nimefungua daftari.
Mbele ya jina la Liwia niliandika, siku ile ya simu,
*wa kuziba pengo*.
Nimefuta.
Nimefuta kwa nguvu mno; karatasi imetoboka,
na kupitia tundu lile naona ukurasa wa pili,
mweupe.