Saa Sita Nyuma

Pilau imekwisha kuliwa, vitunguu havijakatwa bado.
Ndivyo kioo kinavyonionyesha:
safu ya juu, wanaume wa Mtambwe wanapangusa midomo;
safu ya chini, Bi Tatu na wenziwe
ndio kwanza wamekaa na visu, macho yanawachuruzika.

Harusi ya Zuwena, picha mia saba na kumi na mbili.
Kamera mbili: ya baba, barazani na msikitini kwa wanaume;
yangu, uani na vyumbani, alikokuwa mwali.
Nimezimimina zote katika folda moja
hapa studioni kwetu, Wete, mkabala na duka la saruji,
nikaiamuru programu: zipange.
Ikazipanga.
Bwana harusi kaoa saa nne na nusu asubuhi
na mwali hajaoga.

Nilianza kwa jina. Kosa.
Kwa hesabu ya mashine moja hufuatwa na kumi,
kumi na mia, ndipo mbili ipate zamu yake.
Nikarudi kwa tarehe. Vilevile.
Nikasema ni vijipicha hivi vimechacha,
programu inanipakulia kiporo cha jana;
nikafuta ghala lake lote, nikaiacha ivichore upya.
Ikavichora kimoja kimoja, kwa madaha,
hadi mia tatu na tisa,
umeme ukakatika.

Mama mtu akapiga simu. "Albamu yangu?"
"Inapangwa, mama."
"Tangu Jumatatu! Inapangwa, au mmeipangisha?"

Umeme uliporudi nikaipanua moja, ya msikitini.
Sheikh kaushika mkono wa bwana harusi,
na juu ya kofia yake, ukutani, saa.
Nikaivuta karibu ile saa:
mshale mfupi umeipita nne, mrefu unaning'inia kwenye sita.
Nikatazama maelezo ya faili: 10:30.
Nikayasoma kwa sauti, kama tusomavyo sisi.
Saa kumi na nusu.
Alasiri.
Nikacheka peke yangu hadi Riziki wa saruji akachungulia.

Baba!
Kamera ya Kijapani
kaitegesha kwa saa za kwao Kojani.

Nikamfuata nyumbani, anamenya muhogo.
"Baba, saa ya kamera yako iko nyuma, saa sita nzima."
"Nyuma ya nani?"
"Ya dunia."
"Na hiyo dunia, siku yake yaanza lini?"
"Usiku wa manane."
Akaweka kisu.
"Siku gani hiyo, yaanza watu wamelala?
Saa yangu usiiguse."

Sikuigusa.
Nilichagua picha zake, mia nne na moja,
nikaandika: ongeza saa sita.
Kidole kilipokuwa njiani
ndipo nikawaona.

Zuwena dirishani, kisutu mabegani, hina haijakauka,
anatazama kulia, pasipo na mtu.
Na ubavuni pake, kijipicha kinachofuata,
Haroub, neno "nimekubali" limemtoka sasa hivi,
anainua uso, anatazama kushoto.
Baina ya chumba kile na msikiti ule
mna barabara, mashamba mawili ya mikarafuu,
na asubuhi nzima iliyokuwa haijapita.
Kosa limewaketisha bega kwa bega,
wanatazamana.

Nikabonyeza.
Vitunguu vikapanda juu, pilau ikashuka,
mwali akaoga, akavaa, ndipo ndoa ikafungwa.
Na kati ya wale wawili wakajipenyeza
mashangazi, masufuria, gari lililokwama kwenye tope,
mtoto wa nani sijui analamba kiganja.

Kila picha imekaa mahali pake; ndiyo kazi niliyolipwa.
Ila mama Zuwena akifika ukurasa wa mwisho
atakuta mbili, zimebandikwa pamoja,
zisizofuata saa ya mtu yeyote.
Asiponiuliza, sisemi.