Jibu kwa Bwana wa Makumbusho

Umetoka Helsinki kwa treni, Bwana Lindroos,
na glavu nyeupe ndani ya kasha la bati,
uniulize ilikokwenda bendera ya kwanza ya Kirjasalo.
Vua viatu, nimepiga deki asubuhi.
Kalia kigoda hicho, kina mto.
Kahawa hii hapa. Sukari usiionee haya.

Kwanza nikupe ukubwa wa nchi yenyewe:
ng'ombe wa Pietari Mullo alikata kamba mara mbili,
na mara zote mbili akakamatiwa ughaibuni.
Vijiji vitano. Stempu zetu, gazeti letu,
na jeshi la wavulana walioazimana makoti:
huyu akienda lindo, yule analala.

Tuliishona jikoni kwa Hilma Tirranen,
wanawake wanne na mkasi mmoja butu.
Manjano: shuka mbili za kitani, tukazichemsha
na majani ya mbetula na shabu
mpaka mkate ukawa na ladha ya msitu.
Nyekundu ya pindoni: utepe wa harusi wa Hilma,
aliyeolewa Januari akafiwa Machi.
"Chukueni," alisema, "sina wa kumfungia."

Buluu ilikuwa sketi yangu.

Hilo liandike. Mbona kalamu imesimama?
Sketi ya kanisani, ya sufu, marinda kumi na mawili.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sketi hiyo moja.
Niliipasua mwenyewe. Msalaba ukatoka mpana
kwa sababu nyonga zangu enzi zile zilikuwa pana.

Siku ya kuipandisha, upepo ukagoma.
Ikaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Mpiga kodiani alirudia wimbo mara tatu.
Mchungaji aliombea nchi, kisha akaombea upepo,
ukaja kidogo, wa kuazima, kutoka upande wa Urusi,
nami nikaona marinda yangu yakifunguka juu,
watu wazima wakiyavulia kofia.
Usicheke. Nililia.
Hata Juho, mwizi wa kuni, alilia.

Kisha wenye kalamu wakaketi mbali, mjini Tartu,
wakapiga mstari, na mstari ukatupita
kama mgeni apitaye mlango asioujua.
Desemba tuliishusha. Kamba ilikuwa imeganda,
ikabidi mvulana apande na kuipumulia.
Mimi nikaifunga kiunoni, chini ya koti,
nikavuka mpaka nimenenepa kwa taifa.

Sasa nisikilize vizuri.
Kiwanda cha mbao kilitaka msichana wa jikoni,
na msichana wa jikoni hatakiwi kuja na suruali ya marehemu kaka yake.
Nilikaa usiku kucha nikifumua uzi mmoja mmoja.
Alfajiri msalaba ulikuwa sketi tena,
na matundu ya sindano yamejipanga pajani.
Msimamizi akauliza, "Unatoka nchi gani?"
Nikaangalia chini.
Nilikuwa nimeivaa.

Manjano ilichuja jibini miaka sita.
Hilma alidai utepe wake, nikampa,
akaufunga pembeni mwa mbuzi wake
ili amtambue katika kundi la wenyeji.

Hiyo picha ya kitabuni mwako ifunge, tafadhali.
Rangi zimeng'aa mno, na msalaba umenyooka.
Wetu ulipinda vidole viwili kulia;
lawama ni za mkasi.
Ungekuwa umekuja kabla ya vita vya pili
ungeikuta sketi, imepauka, lakini sketi.
Baadaye nilinenepa. Ikawa aproni. Ikawa kiraka cha goti
la mwanangu asiyejua alipiga magoti juu ya nini.

Kilichobaki ni kipande cha shubiri moja na nusu,
chenye matundu yake ya sindano, nimekihesabu.
Hapana, weka chini glavu zako.
Maliza kahawa.
Kisha uinuke taratibu, Bwana Lindroos.
Umekikalia.