Zamu ya Usiku, Dagoretti Corner

Saa tisa usiku. Chai imeota utando.
Mashariki ya Madagaska kimbunga kinajisokota
kama uzi wa mkonge pajani mwa mama.
Kila saa sita naweka nukta nyekundu;
nukta ikifuata nukta, njia inajichora,
na jina kimekwisha kupewa, zuri, la bibi harusi.

Ochola ananiambia kule Atlantiki
majina nayo yana zamu:
baada ya miaka sita yanarudi kazini,
isipokuwa lile lililoua mno.
Hilo hustaafishwa.
"Kama jezi ya mchezaji," anacheka.

Sicheki.
Mvua ile ya Aprili haikuwa na jina.
Haikuwekewa nukta. Ilishuka tu,
Mto Mathare ukapanda ngazi tatu
ukamchukua dada yangu Kasyoka
na godoro, na jiko,
na deni lake la sabuni dukani.

Jana Wavinya kajifungua Pumwani.
Msichana. Kilo tatu na kitu.
Mama kapiga simu kutoka Mwala:
jina lipo, mnangoja nini?
Kasyoka. Kwa Kikamba, aliyerudi.

Wenzetu hulizika jina lililoua.
Sisi tunaliamsha lililouawa,
linyonye, lipige chafya, likatae uji.

Kumepambazuka. Kimbunga kimegeukia bahari tupu
na jina lake zuri.
Nje, Barabara ya Ngong, manyunyu.
Nafunga vifungo vya koti, nainua uso:
haya, na wewe
unaitwa nani?